Lango Hili Lina Mwenyewe

Chumba cha Juu,
Nyumba ya Fundi Cherehani,
Mtaa wa Nyuma ya Soko.

Jumapili, tarehe 14, baada ya chai ya asubuhi.

Mpendwa dada yangu,

Shikamoo. Najua hapo ulipo umegonga meza mara moja, nami nimeihesabu kuwa marahaba, kwa hiyo tuendelee.

U hali gani? Koo linaendeleaje? Kidonda kimefunga, au bado muuguzi anakuja kukubadilishia bandeji? Umeanza kula vitu vigumu au ungali kwenye vya kuchujwa? Tafadhali usinijibu tena "nzuri tu" kama safari iliyopita. "Nzuri tu" ni jibu la kumpa jirani mkipishana kwenye ngazi, si la kunipa mimi niliyelala nawe kitanda kimoja miaka yote ile na kula mateke yako.

Bibi Mdogo naye hajambo? Nasikia amekupa chumba cha mbele chenye dirisha la barabarani na amekukataza kugusa vyombo. Mwambie asikudekeze sana, maana ukirudi huku hakuna wa kukuoshea.

Sisi ni wazima. Mama hajambo, ila goti la kushoto linamsumbua akipanda ngazi, basi anapanda akizitukana moja moja mpaka afike juu. Mwenye nyumba wetu, Fundi Cherehani, amenunua mashine ya tatu. Tangu saa mbili asubuhi sakafu inatetemeka na glasi zinatembea zenyewe kabatini. Nilipomlalamikia akaniambia nimshukuru kwa kutupangishia nyumba yenye uhai.

Jambo jingine ni kwamba kuna seremala amefungua karakana upande wa pili wa ukuta wetu. Kila akipiga msumari mara tatu, Mama anaitika, "Naja, mwanangu," anaacha alichoshika na kuelekea chumbani kwetu. Akifika mlangoni ndipo anakumbuka kwamba hupo. Juzi nilimkuta amesimama pale na mwiko mkononi. Nakuandikia hili ujue kwamba ile lugha yetu ya meza haijasahaulika humu ndani, moja ndiyo, mbili hapana, tatu njoo.

Basi salamu zimekwisha. Sasa nina ugomvi nawe.

Barua yako niliipata Jumanne. Mistari minne, nyuma ya karatasi ya maelezo ya dawa. "Chukua nafasi yangu. Kohoa kama nilivyokuwa nikikohoa, wamezoea. Wakitaka kunifanya msaliti waache wanifanye, ni mchezo tu. Usije ukamwaga unga kwa ajili yangu." Nimeikunja na kuikunjua mpaka imeanza kutoboka kwenye mikunjo. Dada, wewe ni mkubwa wangu, na tangu utotoni sijawahi kukupinga kwa maandishi. Leo nakupinga. Nafasi nimeichukua. Hayo mengine sikuyafanya na sitayafanya, na nitakusimulia ilivyokuwa kabla hujasikia kwa wapiga chuku.

Lakini najua Bibi Mdogo atataka asomewe barua hii mpaka nukta ya mwisho, naye mchezo wetu haujui. Kwa hiyo wewe subiri kidogo, nizungumze na bibi.

Bibi, huku tunatengeneza mchezo wa kompyuta. Mtu anaketi mbele ya skrini, anapigana na mashetani wa moto hatua baada ya hatua, na akifika juu kabisa anakuta lango. Langoni pamesimama malaika. Hana upanga wala mkuki. Anauliza tu, "Nani anabisha, na amebeba nini?" Mchezaji akisema kweli kuhusu aliyoyatenda njiani, anapita. Akidanganya, anarudishwa chini akaanze upya, na wapo watu wazima wenye ndevu waliolia kwa hilo. Huyo Malaika wa Lango ni mjukuu wako uliye naye hapo. Sauti ni yake kwa miaka mitatu. Mimi ni Malaika wa Taa, nasimama kando nikiwa na chupa ya mafuta, na katika miaka hiyo mitatu nimesema sentensi tatu: "Mafuta yapo," "Utambi umekatika," na "Subiri kidogo." Kazi yangu hasa pale studio ni kuandika maelezo ya panga na ngao. Umalaika ni wa ziada.

Tena kuna habari ya kikohozi. Siku ya kwanza ya kurekodi, mjukuu wako alisafisha koo kabla ya kuuliza "Nani anabisha," kama mtu yeyote anavyofanya. Fundi Sauti hakukikata, na mchezo ukatoka nacho. Basi wachezaji wakakipenda kuliko maneno yenyewe. Wakaandikiana kurasa na kurasa kwamba malaika huyu alimeza moshi siku aliyofunga lango peke yake katika Vita vya Majivu, na tangu hapo hawezi kusema bila kukohoa. Sisi tulikuwa hatujapanga hivyo hata kidogo. Lakini mama mmoja wa studio tunayemwita Katibu aliyasoma hayo, akayapenda, akayaandika kwenye Daftari kwa wino. Kuanzia hapo kila sentensi ya Malaika wa Lango ikadai kikohozi chake.

Katibu ndiye mtunza visa vyote vya mchezo, Bibi, na ana utaratibu wake ambao hauchezewi. Jambo lisiloamuliwa analiandika kwa penseli. Likiamuliwa analiandika kwa wino, na lililoandikwa kwa wino ndiyo kweli ya mchezo, hata Meneja mwenyewe haruhusiwi kuligusa. Aliwahi kujaribu mara moja, kuhusu idadi ya mbawa, akafungiwa kabati la Daftari wiki nzima.

Haya, nimemaliza na bibi. Dada, rudi.

Ulipoondoka studio uliaga kwa siku mbili tu, ukaniamuru mimi na Mama tusiseme ulipo wala kilichokupata. Tulikutii. Pale studio wakabaki na lango lisilo na mtu na wakakuna vichwa miezi mitatu. Mwishowe Meneja akaja na wazo lake, lile nililokudokezea katika barua iliyopita. Akamwagiza Katibu aandike kwa penseli: "Malaika wa Lango aliwauzia mashetani ufunguo, akatoroka. Malaika wa Taa amekalia nafasi yake." Akasema mtu akitoweka lazima pawe na sababu, na usaliti unauza. Akasema pia kwamba Malaika wa Taa atakohoa, ili wachezaji wasijisikie wamenyang'anywa kitu. Nilipomuuliza aliyemeza moshi vitani ni yupi kati ya hao wawili, akaniambia nisilete ujuaji.

Wino ulikuwa umepangwa kumwagwa Jumatano, baada ya kurekodi.

Studio haijabadilika. Bado tuko juu ya duka la matairi, na mtu akija kujaza upepo inabidi tusimame mpaka mashine inyamaze. Yale magodoro tuliyoyapigilia ukutani yameanza kutoa sufi kwenye pembe. Feni bado inazimwa wakati wa kurekodi, na chumba bado kinanuka mpira na jasho la watu waliojifanya mashetani. Stuli yako ipo palepale, na kile kipande cha kadibodi chini ya mguu mfupi.

Sikuikalia. Meneja akaniambia nikae, nikamwambia nasema vizuri zaidi nikiwa nimesimama. Akasema maikrofoni iko chini. Nikaipandisha. Katibu alikuwa kwenye kiti cha kona na Daftari mapajani, kalamu ya wino sikioni. Fundi Sauti alikuwa nyuma ya kioo na hakunitazama hata mara moja.

"Soma," akasema Meneja ndani ya hedfoni.

Karatasi ilikuwa mbele yangu: "Mwenye lango aliwauza. Sasa lango ni langu." Kisha kwenye mabano, akohoe. Kisha "Nani anabisha?"

Nikaigeuza karatasi ikaangalia chini, nikasema, "Lango hili lina mwenyewe. Mimi ninalishika tu. Nani anabisha, na amebeba nini?"

"Hicho sicho kilichoandikwa."

"Kilichoandikwa ni cha penseli, bosi."

Katibu aliinamia Daftari ghafla, na mimi ninayemjua nikajua anazuia kicheko.

"Na kikohozi kiko wapi?"

"Sina kikohozi."

"Nani kakwambia uwe nacho? Igiza. Watu wanakisubiri kikohozi kile."

"Basi wataendelea kusubiri. Mimi sikohoi."

"Wewe ni nani hapa? Wewe ni wa taa. Sentensi tatu."

"Ya nne ndiyo hii niliyosema sasa hivi."

Dada, usicheke. Meneja akanikumbusha kwamba mjini kuna wasichana chungu nzima watakaokohoa mpaka watoe mapafu bila kuombwa mara mbili. Nikamwambia awaite. Akaniambia maelezo ya panga na ngao nayo yanaweza kuandikwa na mtu mwingine. Nikamwambia namwachia na orodha, imeandikwa vizuri, kwa mpangilio wa herufi. Nikavua hedfoni nikaitundika kwenye stuli yako. Nilikuwa nimeshaanza kupiga hesabu ya jinsi ya kumweleza Mama.

Hapa inabidi nikwambie jambo ambalo sijawahi kukwambia, na afadhali nikwambie ukiwa mbali usiweze kunitupia kiatu.

Watu wote wanaamini Fundi Sauti alisahau kukikata kile kikohozi cha kwanza. Hata wewe unaamini hivyo, na umemtania miaka mitatu. Hakusahau. Alikuwa amekwisha kukichagua kwenye skrini, kidole kiko juu ya kitufe. Mimi ndiye niliyekuwa nimesimama nyuma yake nikimumunya ubuyu, nikamwambia, "Kiache, kinamfanya malaika awe kama mtu." Akakiacha. Watu walipokipenda nilivimba kichwa kimyakimya, nikajiona mjuzi. Kisha nikakaa nikakutazama ukikohoa kwa amri ya Daftari, sentensi baada ya sentensi, mwaka baada ya mwaka.

Mwaka wa tatu nilikusikia. Ulikuwa unaamka kabla yetu, unafungua bomba la beseni ili maji yafunike, halafu unakohoa. Mimi nilikuwa macho, nimegeukia ukuta. Nikajiambia dada anafanya mazoezi. Nilijidanganya hivyo asubuhi nyingi, na nilijua najidanganya, kwa sababu hakuna mtu anayefanya mazoezi kisha akajipangusa mdomo kwa taulo na kulifua palepale. Ningekushika mkono siku ile ya kwanza tukaenda kwa daktari, labda leo ungekuwa unanisomea mwenyewe haya matusi yangu. Daktari anasema labda, labda isingebadilisha kitu. Mimi ile labda ya kwanza ndiyo inayonikaba.

Ndiyo maana sikohoi. Si kiburi tu, ingawa kiburi nacho kipo. Kile si kipaji cha malaika. Ni ugonjwa wako, mimi niliusikia ukianza nikasema uachwe, na sitauvaa mbele ya watu wapige makofi.

Sikuyasema hayo pale chumbani, kwa sababu uliniapisha. Nilikuwa nimeshashika kitasa cha mlango. Na hapo ndipo Fundi Sauti alipofanya alilolifanya.

Unamjua alivyo, hatupi kitu, anahifadhi hata pumzi za watu. Meneja alikuwa amemwagiza achambue rekodi zako zote, avitoe vikohozi peke yake na kuvipanga kwa tarehe ili mimi nivisikilize na kuviiga. Alikuwa amevipanga, arobaini na kimoja. Sasa alibonyeza kitufe, na vikaanza kutoka kwenye spika kubwa ya chumba, kimoja baada ya kingine, bila maneno katikati.

Vya mwanzo vilikuwa vyepesi. Ni mtu anayetaka kuongea. Meneja hata alitikisa kichwa kwa kuridhika, akaniangalia kama kusema unaona? Vilivyofuata vilikuwa vizito kidogo. Kufikia kama cha ishirini, Katibu aliitoa kalamu sikioni akaishika mkononi. Kufikia cha thelathini kulikuwa na kitu kinachokwaruza ndani yake, na kila kimoja kilikuwa kirefu kuliko kilichotangulia. Meneja akasema, "Inatosha." Fundi Sauti hakuzima. Cha mwisho kilikawia kwisha, halafu ikasikika sauti yako chini kabisa, ukiwa umegeuka pembeni ya maikrofoni, ukisema, "Samahani."

Hiyo samahani nayo hakuikata.

Huko chini mtu alikuja kujaza upepo, mashine ikanguruma, na hakuna aliyelalamika. Meneja aliketi kwenye stuli yako bila kujua ameketi wapi, na kadibodi ikachomoka, akayumba.

"Yuko wapi?" akauliza. Hakuuliza kwa ukali.

"Yuko kwa bibi yake. Yu hai. Hasemi tena."

Kwa hiyo siri yako imetoka, dada. Kwa kinywa changu yalitoka maneno hayo machache tu, mengine yalijitoa yenyewe kwenye spika. Nisamehe kama unaweza. Nakuomba msamaha kwa kukuvunjia ahadi, lakini sijutii, na ukiniandikia barua ya kunigombeza nitaisoma kwa heshima zote na kubaki na msimamo wangu.

Fundi Sauti alikuwa analia nyuma ya kioo, waziwazi, huku anajifanya anafuta vumbi kwenye mitambo. Alifuta mpaka akawasha taa isiyohusika.

Katibu ndiye aliyemaliza mambo. Alifungua Daftari, akatoa kifutio, akaisugua ile sentensi ya usaliti mpaka karatasi ikakunjamana. Kisha akaniambia nirudie nilichosema mbele ya maikrofoni, polepole. Nikarudia. Akaandika kwa wino, kwa mwandiko wake ule wa kulala, na nimekunakilia neno kwa neno: "Malaika wa Lango hakuanguka wala hakuuza. Yuko upande wa pili wa lango, na sauti ameiacha vitani. Malaika wa Taa analishika lango kwa niaba yake mpaka mwenyewe abishe."

"Na asipobisha?" akauliza Meneja.

"Litashikwa," akasema Katibu, akafunga Daftari.

Usidhani Meneja naye amekuwa malaika. Kesho yake alikuwa amesharudi kuwa Meneja. Ameniambia sura hii mpya inatoka mwisho wa mwezi, na kama wachezaji watainunia katika wiki ya kwanza, lango atapewa mwingine na mimi nitarudi kwenye panga zangu, tena nikae huko. Nikamwambia sawa. Anaweza kuninyang'anya lango, lakini wino hawezi. Hata akija malaika wa tatu, atakuwa anakushikia wewe. Nadhani alilifahamu hilo, maana alitoka bila kufunga mlango.

Nami najua wapo watakaonuna. Sauti yangu ni nyembamba, unaijua, ya mtu anayeita wateja dirishani. Haina ule uzito wako. Wakati wa kurekodi tena nilimwambia Fundi Sauti asiinenepeshe kwa mitambo yake. Wakitaka kunilinganisha nawe walinganishe, na wakisema mwenye lango alikuwa bora, nitakuwa wa kwanza kukubaliana nao. Ninachotaka wajue kila wanapofika pale ni kwamba mahali hapa pana mtu wake na huyo mtu hajafa.

Sasa tufike kwenye jambo lililonifanya nikae chini niandike barua ndefu hivi, mimi niliyekuwa nikinakili insha zako za shule.

Baada ya kusema "Lango hili lina mwenyewe, mimi ninalishika tu," sikuendelea mara moja na "Nani anabisha." Nilimwomba Fundi Sauti aache sekunde nne tupu. Meneja aliuliza za nini, Fundi akamwambia ni za kiufundi, na Meneja anaogopa sana neno hilo. Sekunde hizo nne ni zako. Baada ya mimi kusema lango lina mwenyewe, nataka isikike kutoka upande wa pili wa mbao mtu anabisha. Mara tatu.

Uliwahi kuniandikia kwamba kazi yako imekwisha kwa kuwa sauti imekwisha. Nimekataa. Nimekaa nawe miezi miwili humu ndani baada ya upasuaji, ukatuendesha mimi na Mama kwa kidole kimoja juu ya meza ya kulia. Ulituita, ulitugombeza, ulitukataza kubadilisha stesheni ya redio. Siku moja uligonga hapana kwa hasira mpaka kijiko kikaruka. Usiniambie huna sauti. Nimeisikia mpaka nimeichoka.

Ndani ya kifurushi hiki utaikuta simu yako, ile uliyoiacha kwenye droo ukisema simu ni ya watu wa kusema. Nimeijaza chaji na nimeifuta alama za vidole vya Mama, ambaye alikuwa anaifungua kutazama picha. Iweke juu ya meza ya Bibi Mdogo, si juu ya kitambaa, juu ya mbao tupu. Funga dirisha la barabarani. Bonyeza kitufe chekundu, subiri kidogo, gonga. Kisha mtumie Fundi Sauti, namba yake imo. Anataka ipatikane kabla ya tarehe ishirini na tano. Ameniambia hataisafisha. Hata kama kuku wa bibi atalia kwa nyuma, kuku ataingia mbinguni.

Usipotuma, sura itatoka na sekunde nne za kimya, na hakuna atakayezijaza kwa kinanda wala upepo wala sauti ya mlango iliyonunuliwa. Fundi ameapa na mimi nimeapa. Wachezaji watauliza kimya hicho ni cha nini, wataandikiana kurasa na kurasa, na safari hii nitawaacha waandike. Lakini usifanye hivyo, dada. Mimi ni mdogo wako, nimekutunzia mlango mpaka nimegombana na kila mtu, na nakuomba unisaidie.

Barua hii inaletwa na dereva wa lori la mbao, mtu mpole mwenye kofia ya sufi hata kukiwa na jua. Amesema atalala huko siku moja kabla ya kugeuza, kwa hiyo kama una jibu mpe yeye. Mpeni na chochote cha kula, amenibebea bure.

Nisalimie sana Bibi Mdogo, umwambie mjukuu wake mwembamba bado mwembamba. Msalimie muuguzi wako, umpe shukrani zetu. Mama anakusalimu na anasema umevaa ile sweta au umeiacha kabatini, ajue moja. Fundi Cherehani anakusalimu, kakushonea fulana yenye shingo pana isiyogusa kidonda, imo humo chini ya simu. Katibu anakusalimu kwa wino, hivyo alivyosema niandike. Fundi Sauti anakusalimu na anaomba radhi, ingawa sasa unajua nani hasa wa kuombwa hiyo radhi na nani wa kuiomba.

Mungu akufunge kidonda, akupe usingizi usio na kikohozi, na akuweke mpaka tupandishane tena ngazi hizi Mama akizitukana mbele yetu.

Nakujua. Najua tangu uliposoma habari ya simu umeshaiweka barua chini, umetazama dirishani, na umegonga meza mara mbili. Sawa, nimesikia.

Ongeza moja.

Wako akupendaye kwa kichwa kigumu, mshika lango,

Kiroboto.